Tumelipa tiketi, kwa nini tusiimbe? Ugomvi wa watazamaji kwenye kumbi za Uingereza

Ijumaa Kuu ya mwaka 2023, tarehe 7 Aprili, shoo ya muziki ya jukwaani inayoitwa The Bodyguard ilisimamishwa kwenye ukumbi wa Palace Theatre jijini Manchester ikiwa imebaki kama dakika kumi iishe. Taa zikawashwa, mabaunsa wakaingia kwenye viti, watu wawili wakatolewa nje, polisi wakaitwa, na shoo haikurudi tena. Kosa lao ni kwamba walikua wanaimba. Yani wanaimba kwa sauti kubwa juu ya sauti ya mwigizaji, wakaambiwa waache wakagoma, na watu wote waliobaki kwenye ukumbi ule unaochukua karibu watu 2,000 wakarudi nyumbani bila kuusikia mwisho wa I Will Always Love You, wimbo ambao wengi wao ndo waliufuata. Melody Thornton, aliyekua anaigiza mwimbaji nyota ambaye ndo mhusika mkuu wa hadithi, akabaki kuwapa watu pole mtandaoni kwa jambo ambalo hakulianzisha.

Toka siku ile ugomvi haujaisha. Kuna wanaosema mtu kashalipa hela yake, kaja kufurahi na wenzake, wimbo anaujua toka utotoni, unamzuiaje asiimbe? Na kuna wanaosema mimi pia nimelipa hela yangu, sijaja kusikiliza sauti ya jirani wa siti namba kumi na nne. Mimi naona wote wana hoja za kweli kabisa na ntazieleza, ila kuna mtu wa tatu ambaye kwenye huu mjadala anapita pembeni kimya kimya, naye ni aliyeuza tiketi.

Tuanze na wimbo wenyewe maana bila kuuelewa hutaelewa hasira za watu. I Will Always Love You uliandikwa na Dolly Parton, ukatoka 1974 ukiwa wimbo mtulivu wa kantri, alafu 1992 Whitney Houston akauimba upya kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard aliyocheza na Kevin Costner. Toleo la Whitney linaanza na sauti yake peke yake, hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna mdundo wa kukuongoza, anavuta maneno anavyotaka yeye. Vyombo vinaingia taratibu, wimbo unapanda, baadae panakuja kimya kifupi, ngoma inapiga pigo moja na sauti inaruka juu. Kila mtu duniani analisubiri lile pigo. Shoo ya jukwaani ilifunguliwa London 2012 na imejengwa kwa nyimbo za Whitney ambazo watu walikua nazo tayari kwenye kaseti, kwenye harusi, kwenye misiba, miaka ishirini kabla ya pazia kufunguka. Watu walioenda kuangalia shoo ya muziki ya Oklahoma! kwa mara ya kwanza New York 1943 walikua hawajui hata mstari mmoja wa nyimbo zake, kwa hiyo swali la kuimba pamoja halikuwepo. Hapa lipo toka dakika ya kwanza, unakaa kwenye kiti na wimbo unao mdomoni.

Sasa wanaotetea kuimba wana historia upande wao, na hili watu wengi wa kumbi hawapendi kulisikia. Hii tabia ya kukaa gizani kimya na mikono mapajani ni ya juzi juzi tu. Mwaka 1809 ukumbi wa Covent Garden pale London walipandisha bei za tiketi, watazamaji wakaja na kengele na matarumbeta, wakaimba, wakacheza, wakaigeuzia mgongo jukwaa karibu miezi mitatu mpaka wenye ukumbi wakasalimu amri. Taa za watazamaji zilikua zinabaki zinawaka, watu wanaangaliana, wanaongea, wanazomea. Kuzima taa na kumnyamazisha mtu ni mazoea yaliyoota mizizi kwenye karne ya 19, na Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani, kwenye ukumbi wake wa Bayreuth 1876 ni mmoja wa waliosukuma sana hilo.

Alafu kuna jambo la nani hasa anaambiwa shii. Mara nyingi ni kina mama na madada wa kawaida waliotoka kazini, wamekusanyana kumi, mmoja ana bethidei au anaolewa wiki ijayo, wanaenda ukumbini labda mara moja kwa mwaka. Hao ndo watu ambao kumbi za mikoani zimekua zinawaita miaka yote, njooni, ukumbi ni wenu, sanaa si ya matajiri. Wakifika wanakuta mtu aliyezoea kumbi anageuka na kuwakata jicho. Marekani mwandishi wa tamthilia Dominique Morisseau alilisema hili kwa upande wa watazamaji weusi, na tamthilia yake ya Pipeline ilipochezwa Lincoln Center jijini New York 2017 akaweka karatasi ndani ya kijitabu cha shoo inayowaambia watu wana ruhusa ya kucheka kwa sauti na kuitikia kama wako kanisani. Na kwa Uingereza kuna Jess Thom, msanii mwenye Tourette, hali ya mishipa ya fahamu inayofanya sauti zimtoke bila kupenda, ameshaeleza hadharani jinsi alivyowahi kuombwa akakae kwenye chumba cha mafundi sauti ili asisumbue wengine. Kwa hiyo anayesema kimya ni adabu na mjadala umefungwa, ajiulize kwanza ni adabu ya nani na inamtoa nani mlangoni.

Hizo hoja nzito na nazikubali. Ila sasa sogea upande wa jukwaa.

Watu wanachanganya shoo kama hii na konseti, na hapo ndo kosa linapoanzia. Kwenye konseti msanii ndo bosi, anaweza kusimamisha bendi akawaelekezea watu maiki, akarudia kiitikio mara nne akitaka. Mwigizaji wa shoo ya muziki hana huo uhuru, yupo ndani ya hadithi, pembeni kuna mtu anayetoa ishara za nini kifuate kwa sekunde, taa zinabadilika kwa mstari fulani, kondakta wa bendi anamfuata yeye naye anamfuata kondakta. Fundi sauti kule nyuma anafungua na kufunga maiki za waigizaji mstari kwa mstari, usiku mzima vidole viko kwenye vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, na anasikiliza ili sauti ya mtu mmoja ifike mpaka siti ya mwisho ghorofani. Sasa mtu aliyekaa katikati ya ukumbi akianza kuimba ule mwanzo usio na mdundo, yeye anafuata kanda aliyoizoea ya Whitney wakati aliye jukwaani anaimba kwa pumzi yake mwenyewe, hawawezi kwenda sawa hata wangekua wanapendana vipi. Na aliyekaa jirani anasikia yule wa karibu kuliko yule wa jukwaani. Hilo si suala la ubwanyenye, ni masikio tu.

Na kuna watu wa chini kabisa kwenye huu mnyororo, wahudumu wa ukumbi, wale vijana wenye tochi wanaokuonyesha siti. Miezi michache kabla ya Manchester, Edinburgh Playhouse ambao ni ukumbi mkubwa sana wa viti zaidi ya 3,000, walitoa taarifa kwamba wafanyakazi wao wamepigwa na kutemewa mate na watazamaji, wakati huo shoo iliyokuwepo ni Jersey Boys, nayo ya nyimbo ambazo watu wanazijua. Chama cha wafanyakazi cha Bectu kikawauliza wanachama wake wa kwenye kumbi mwaka huo huo wa 2023, karibu asilimia 90 wakasema wameshuhudia au wamekutana na tabia mbaya za watazamaji, na asilimia 70 wakasema hali imekua mbaya zaidi kuliko kabla ya korona. Binti wa miaka ishirini na kitu anatumwa peke yake gizani akamwambie mtu aliyelewa anyamaze. Mimi hapa ndo napata hasira kuliko popote kwenye hii habari, maana yeye hakuandika tangazo wala hakumimina pombe.

Tangazo na pombe, tuje hapo sasa. Kwa miaka mingi hizi shoo zimeuzwa kama pati. Mabango yanakuambia utacheza kwenye njia za kati ya viti, utaimba, usiku bora wa mtoko mjini, leteni kundi mpate punguzo. Ukifika unauziwa mvinyo kabla, unauziwa wakati wa mapumziko, unaruhusiwa kuingia na glasi ya plastiki mpaka kwenye siti. Alafu saa tatu usiku, ukishachangamka, ndo mtu anakuja na tochi kukuambia hapa si mahali pa kuimba. Kampuni ya ATG, inayoendesha Palace na Playhouse pia, ilikiri kwa namna yake pale baada ya yale ya Edinburgh iliposema itaongea na waandaaji wa shoo waache maneno kama kucheza kwenye njia za viti na pati bora mjini. Ni hatua nzuri, siibezi, lakini maneno yale yalikua yamewaingia watu miaka yote hiyo, huwezi kuyafuta kwa kubadilisha bango moja.

Na kinachouma zaidi ni kwamba nafasi ya kuimba ilikuwepo. The Bodyguard ikiisha, waigizaji wakitoka kuinama kuwashukuru watazamaji, shoo nzima inageuka kuwa dansi la wimbo mwingine wa Whitney, I Wanna Dance with Somebody, watu wanasimama, wanaimba, wanacheza, hakuna anayekukataza. Yani zilikua zimebaki dakika chache tu.

Sisi watu wa pwani hili tunalielewa vizuri kwa sababu hatujawahi kuwa watazamaji wa kimya. Nenda kwenye taarabu uone, watu wanaitikia, wanainuka, mtu anatoka kwenye kiti chake kwa madaha na noti mkononi anaenda kumtunza mwimbaji, na kama ubeti unamgusa mtu fulani mle ndani atajua kwa jinsi mwenzie anavyomwangalia akipita. Mtazamaji ni sehemu ya shughuli. Lakini ushawahi kuona mtu anaenda kumpora mwimbaji ubeti wake? Kuna muda wa kuinuka na namna ya kuinuka, utatunza, utacheza hatua zako mbili, utarudi kukaa, na asiyejua anajifunza kwa kuangalia waliomtangulia. Vivyo hivyo Nairobi Oktoba 1976, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu Dedan Kimathi ilipochezwa Kenya National Theatre, watazamaji waliungana na waigizaji kuimba na kucheza wakatoka nao mpaka barabarani, lakini walifanya hivyo kwenye wimbo wa mwisho, baada ya kuisikiliza hadithi yote. Hakuna aliyewagawia karatasi ya masharti, mchezo wenyewe uliwafungulia mlango pale ulipotaka waingie.

Wala Waingereza wenyewe hawajakosa hiyo elimu. Kila Krismasi kumbi zile zile za mikoani zinajaa watoto kwenye pantomimi, michezo ya vichekesho na nyimbo ya kifamilia, na pale kupiga kelele ni lazima, jambazi akinyatia nyuma ya mhusika ukumbi mzima unapayuka kumwambia yuko nyuma yako, na mtoto wa miaka mitano anajua apayuke lini na anyamaze lini. Kwa wengi ndo shoo yao ya kwanza maishani. Kwa hiyo mtu asiniambie watu wa kawaida hawana nidhamu ya ukumbi, wanayo toka chekechea, shida ni kwamba pantomimi inakuonyesha zamu yako na shoo kama The Bodyguard inakuachia ubahatishe.

Wengine wanasema basi dawa ni kutenga usiku wa kuimba. Sinema zilishafanya hivyo, pale London Prince Charles Cinema wamekua na maonyesho ya kuimba pamoja ya The Sound of Music toka 1999, na filamu ya muziki ya Wicked ilipotoka Novemba 2024 kampuni ya kumbi za sinema ya AMC ya Marekani ikaweka onyo kwamba watu wasiimbe, kelele zikawa nyingi, ikifika Krismasi yakaja maonyesho maalumu ya kuimba. Naliunga mkono hilo, ila skrini haichoki wala haipotezi mstari, filamu inaenda tu hata ukumbi ukiimba ovyo. Kwenye jukwaa la watu hai usiku wa kuimba unahitaji shoo ipangwe upya kidogo, bendi ishikilie mdundo, mwigizaji akubali kwamba usiku huo anaongoza kwaya, na alipwe akijua hivyo. Pia isije ikawa ndo njia ya kuwasukuma wale kina mama usiku mmoja wa Jumatatu ili siku zingine zibaki za watu wa kimya.

Kwa hiyo mimi ukiniuliza wale wawili wa Manchester walikosea, nasema ndio walikosea, na kosa kubwa si kuimba, ni kugoma walipoambiwa, maana kugoma kwao kuliwanyang'anya wengine wote shoo waliyoilipia. Lakini ukumbi unaotaka watu wakae kimya kwenye ule wimbo unatakiwa useme hivyo pale mtu anapolipia tiketi, kwa maneno ya kawaida, pamoja na kumwambia kwamba mwisho kabisa atasimama na ataimba. Ufunge baa kwenye nusu ya pili. Na kama kuna mtu wa kwenda kumwambia mlevi anyamaze, aende meneja mwenye jina lake kwenye koti, yule binti wa tochi aachwe afanye kazi aliyoajiriwa, kuonyesha watu siti zao.