Kasoro ya B12 ndiyo jicho la bakteria

Ukitaja vitamini B12, wengi hukumbuka damu. Mimi siku hizi hukumbuka giza. Umbo lake liitwalo koenzaimu B12 halivumilii mwanga hata kidogo. Wanakemia hulishughulikia chini ya taa nyekundu hafifu na kuvingirisha chupa zake kwa foili, maana likiangazwa tu, kifungo kati ya kobalti, metali iliyo katikati ya molekuli, na kaboni hukatika. Kifungo hicho ndicho wanasayansi Dorothy Hodgkin na Galen Lenhert walichokionyesha kwa eksirei mwaka 1961, na kwa muda mrefu wepesi wake wa kukatika ulikuwa kero ya maabara.

Nashikilia kwamba ndiyo sifa yake bora. Shahidi wangu ni Thermus thermophilus, bakteria wa chemchemi za maji moto.

Ana protini iitwayo CarH. Gizani kila CarH hubeba B12 yake, nne hushikana, na kwa pamoja huikalia DNA pale pale ambapo kimeng'enya cha kunakili jeni kingetua. Jeni zinazozibwa ni za kutengeneza karotenoidi, jamii ya rangi zinazokoleza karoti. Ukija mwanga wa buluu au wa kijani, kifungo hukatika, kipande kilichokuwa juu ya kobalti huondoka, na sehemu ya protini iliyokuwa imekiegemea husogea. Kundi husambaratika na DNA hubaki wazi. Rangi huanza kutengenezwa, nazo humkinga bakteria dhidi ya aina kali ya oksijeni inayozaliwa na mwanga ndani ya seli. Kazi hii ya B12 ilitambuliwa mwaka 2011, nusu karne baada ya ile picha ya eksirei!

Kinachonivutia zaidi ni kinachofuata. Histidini, asidi amino ya protini yenyewe, hujishikiza kwenye kobalti upande ulioachwa wazi, na hapo hakuna kurudi nyuma. Giza likiingia tena, lazima ipatikane koenzaimu mpya. Linganisha na EL222, protini ya Erythrobacter litoralis inayotumia flavini, molekuli ya jamii ya vitamini B2, kuhisi mwanga: hiyo hushika DNA ikiangazwa, na gizani hujirudi yenyewe baada ya sekunde kadhaa.

Mtu anaweza kuona CarH ni ubadhirifu. Siafiki. Karotenoidi zikishajengwa hudumu. Swichi inayoyumba kila wingu linapopita ingemfaa nini bakteria huyu? Tena ana uangalifu wa ajabu. B12 iliyo peke yake ikikatwa na mwanga, huachia radikali, kipande chenye fujo kinachoweza kudhuru chochote kilicho jirani. Ndani ya CarH, kipande hicho hutoka kikiwa anhidroadenosini, molekuli iliyotulia. Hilo ndilo ningependa kuliona kwenye vitabu vya biolojia, ukurasa ule ule wanapoeleza habari za B12 na damu.