Hina Inabeba Dhambi za Piko

Kila Idi ikipita husambaa picha za mikono iliyotoka malengelenge, yamefuata mchoro wa maua kama yamechorwa, na chini yake onyo lilelile: acheni hina, mtaungua. Itazame picha vizuri. Mchoro ule ni mweusi tii, na hina haijawahi kuwa nyeusi.

Jani la mhina lina rangi iitwayo losoni, nayo haina haraka. Unatwanga jani kavu, unalichunga kwa kitambaa, unakoroga kwa turungi na ndimu, unalaza, kisha unapaka usiku. Ukibandua asubuhi, kisigino ni cha rangi ya chungwa. Kukolea kuwa kahawia ni kesho yake au keshokutwa. Kwenye nywele hung'ang'ania protini ya unywele wenyewe, ndiyo maana bibi mwenye mvi akipaka huwa na kichwa chekundu wiki nzima na zaidi.

Piko ni kitu kingine kabisa: rangi ya nywele ya dukani yenye kemikali ya PPD. Ulaya inaruhusiwa kichwani tu, isizidi 2%, na kuchorea ngozi ni marufuku. Kwetu mchoraji hukoroga kwa kijiko cha chai, kwa kukisia. Na lengelenge si ubaya wenyewe, maana hupona. Mzio ndio hauponi. Binti aliyechorwa piko mara moja ana miaka minane, mwili wake huenda ukaikumbuka PPD maisha yote. Siku akiwa mtu mzima anapaka rangi mvi za kwanza, uso unavimba hadi macho yanafumba. Nani atakumbuka Idi ile?

Wanaoikataa hina nao wana lao. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na kwa kuwa upungufu huo hukinga kiasi dhidi ya malaria, pwani yetu yenye malaria ya karne nyingi inao wengi, akipakwa hina halisi chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Hapo sibishi: mtoto mchanga asipakwe, hata kwa mila. Marekani nayo imeidhinisha hina kwa nywele tu. Tena pakiti iliyoandikwa “hina” yaweza kuwa na piko ndani.

Kwa hiyo mimi nanunua majani, natwanga mwenyewe. Aliye na pakiti tu ainuse, ingawa pua si kipimo cha uhakika: unga wa hina hunuka majani makavu. Na mchoraji akisema yake inakolea kwa nusu saa, vuta mkono wako.