Waulizeni kwanza zamu zao

Mwandishi wa makala moja anasema vijana Wakristo wa Unguja wamelegea, kanisani wanaonekana Krismasi na Pasaka tu. Nadhani amechungulia makanisa makuu ya mjini, Mkunazini la Anglikana na Minara Miwili la Katoliki, akarudi. Angefika Nungwi au Paje, vijiji vya pwani vyenye hoteli za watalii! Wengi wametoka bara, wako hotelini, na Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Masika hoteli zikipunguza watu wanarudi kwao, kwaya inabaki bila sauti ya nne. Mtu wa hivyo atachaguliwaje kiongozi wa vijana? Kusali kwa simu alikokutaja, sawa, hapo kweli uvivu upo. Lakini mapadri na wachungaji nao wajaribu ibada ya Jumatatu jioni, tena hukohuko shamba, nje ya mji, si kila kitu Mji Mkongwe. Nauli yenyewe mnaijua.