Kope linaposhuka alasiri: vidonge au kisu?

Asubuhi jirani yangu wa Ngamiani, Tanga, anachoma vitumbua huku akitaniana na wateja. Ikifika alasiri kope la kushoto limeshuka, na wali anaula ameshikilia kidevu kwa mkono, maana taya limechoka kutafuna. Mwaka mzima aliambiwa ana jini. Daktari aliyemtambua alianza kwa kumwekea barafu iliyofungwa kitambaa juu ya kope, dakika mbili tu, kope likapanda. Kipimo cha damu kikathibitisha: miasthenia gravisi. Kingamwili zake zinashambulia vipokezi ambavyo msuli hupokelea amri ya neva.

Sasa nyumba imegawanyika. Mume anataka vidonge. Kaka mtu anataka aende Dar akatolewe thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambako kinga hiyo hupotoshwa.

Mume ana hoja. Kidonge cha piridostigmini humwezesha kula na kuongea. Ni ya ukoo mmoja na dawa ambayo daktari Mary Walker aliijaribu London mwaka 1934. Lakini huzima dalili kwa saa 3 hadi 6, ugonjwa wenyewe haiugusi. Kinachougusa ni prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, na hapo ndipo ninaposita. Wiki za mwanzo inaweza kumzidishia udhaifu. Akiitumia miaka, kuna sukari, presha, mifupa kulika na maambukizi, na kuiacha ghafla ni hatari. Azathiopurini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, husaidia kupunguza dozi hiyo ya prednisoloni, ila inataka subira ya miezi mingi. Sindano mpya za Ulaya na Marekani naziruka. Kwa bei yake ya mwaka mmoja mtu angejipatia nyumba Raskazone, mtaa wa wenye nazo hapa Tanga.

Kaka naye ana ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa wagonjwa 126 waliofuatiliwa miaka 3, ulionyesha kuwa waliopasuliwa na kupewa prednisoni, dawa pacha ya prednisoloni, walikuwa na nguvu zaidi, tena kwa dozi ndogo, kuliko waliopewa prednisoni peke yake. Wote walikuwa na kingamwili kama zake. Asichosema kaka ni kwamba nafuu huja polepole, na kwamba mgonjwa ambaye misuli ya kupumua imelegea huenda akahitaji mashine ya kupumulia baada ya kisu. Picha ya CT ikionyesha uvimbe kwenye tezi, mjadala umekwisha: upasuaji.

Kwangu mimi, mume yuko sahihi kuhusu pa kuanzia, kaka kuhusu pa kufikia. Atulizwe kwanza kwa dawa, ameze na kupumua vizuri, ndipo apande basi la Dar, wala asingoje miaka kumi.

Kilichonishangaza ni kwamba wakibishana hivyo, hakuna aliyewaza dawa atakazopewa siku akipata homa. Kwinini ya malaria, na antibiotiki kama gentamaisini na siprofloksasini, zinaweza kuzidisha udhaifu wa misuli yake na kumkaba pumzi. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemwomba daktari amwandikie majina hayo. Karatasi ameifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na chenji ya vitumbua.