Sheria ya kufyeka inapobadilika kila uchaguzi

Kule Queensland, jimbo la Australia, kufyeka pori si kazi ya panga. Tingatinga mbili huenda sambamba zikiburura mnyororo wa nanga ya meli, na kila mti ulio katikati hung'oka na mizizi yake. Mwenye shamba akisikia tetesi kwamba sheria kali inakuja, anao muda wa kutosha kuiwahi.

Na wameiwahi. Sheria ya uoto wa asili, inayobana ufyekaji, ilipitishwa mwaka 1999 lakini ikaanza kutumika 2000, na kwenye pengo hilo watu walifyeka kwa pupa. Mwaka 2004 ikakazwa, ufyekaji mkubwa ukatakiwa ukome kufikia mwisho wa 2006. Mwaka 2013 serikali nyingine ikailegeza. 2018 ikakazwa tena. Ungekuwa wewe ndiye mfugaji, na leo unacho kibali ambacho huenda kesho kikafutwa, ungeyaacha tingatinga yapumzike?

Mimi naunga mkono sheria hizi, tena zile kali. Jimbo la Australia Magharibi linaonyesha kinachotokea pori likiisha: miti yenye mizizi mirefu iliyokuwa ikinywa maji ya mvua ilikatwa ili kupandwa ngano, maji ya chini yakapanda, yakabeba chumvi hadi juu. Mashamba mengi sasa ni vipara vyeupe ambavyo ngano haioti.

Lakini mkulima naye ana hoja, na wanaomwita mharibifu huiruka haraka mno. Babu yake alipewa ardhi kwa sharti la kuifyeka, asipofyeka, ananyang'anywa. Halafu mwaka 1997, kwenye mkataba wa Kyoto wa kupunguza hewa zinazopasha dunia joto, Australia ilihakikisha kwamba kupungua kwa ufyekaji kunahesabiwa kwenye lengo lake la hewa ukaa. Miti ikabaki imesimama shambani kwa mtu, sifa ikaenda kwa taifa. Queensland angalau ilitenga dola milioni 150 za kuwasaidia wakulima. Kwenye jimbo jirani la New South Wales, mfugaji Peter Spencer alipanda mnara shambani kwake mwishoni mwa 2009 akagoma kula kwa zaidi ya siku 50, akidai fidia.

Kwa hiyo marufuku ibaki, ila mwenye shamba alipwe kila mwaka kwa pori analolitunza, kwa mkataba wa miaka 30 ambao waziri mpya hawezi kuuchana. Akiwa na malipo ya uhakika, ule mnyororo atauuza chuma chakavu.