Kamwite Fundi

Masika ya Dar hayana adabu. Kabati langu la mbao za paini za Mafinga, nililouziwa Keko kwa viapo vyote kwamba mbao ni kavu, liliamua kuvimba Jumamosi ya harusi ya binamu yangu. Vuta, piga teke, mlango hautoki. Suti imo ndani, mimi niko nje na taulo kiunoni, gari la kutupeleka ukumbini linapiga honi.

Nikamtuma mpwa wangu: "Kimbia kamwite fundi, mwambie suti ya anko imekwama!"

Akarudi na fundi cherehani, futikamba shingoni.

Mtoto hana kosa. Fundi ni ukoo mmoja na kufunda na kufundisha. Kila aliyefunzwa kazi ni fundi, awe wa saa, wa umeme au wa mabomba. Umetaja suti, unategemea akuletee wa nini? Wa mbao ana jina lake peke yake, seremala, ila mtaani kwetu naye tunamwita fundi tu.

Mpwa akarudishwa mvuani. Wa cherehani akajikalia kitandani, akisubiri hela ya usumbufu.

Seremala alikuja na randa, nyundo na mdomo. Akapapasa ukingo wa mlango, akaguna. "Bosi, masika hata mbao kavu huvimba. Na ubao ukinywa unyevu haurefuki, unanenepa ubavuni tu." Nikamwambia hotuba ziko ukumbini. Kuuranda mlango, akasema, lazima kwanza ung'oke, na skrubu za bawaba ziko ndani. Basi tukaligeuza kabati, akabandua plaiwudi ya mgongoni msumari baada ya msumari, nami nikazamisha mkono mpaka begani kama daktari wa ng'ombe.

Koti likatoka salama. Suruali ikanasa kwenye msumari uliobaki. Nikavuta. Sote wanne tuliisikia: chraaaa! Kutoka mkandani mpaka gotini.

Fundi cherehani akainuka taratibu, akachomoa sindano kwenye kola ya shati lake.

"Mnaona? Niliyeitwa ni mimi."

Akataja bei ya dharura. Seremala, misumari bado imo mkononi, akadai kamisheni: kazi kaileta yeye.