Lile Ini Usimrushie Mbwa

Kijijini kwetu tunapakana na hifadhi, na usiku fisi tunawasikia tukiwa vitandani. Kwa hiyo ukitaja ugonjwa unaotoka kwa wanyama, kila mtu anaangalia upande wa porini. Mimi nimeacha kuangalia huko tangu mwaka jana, siku ya sherehe ya jirani.

Mbuzi wawili walichinjwa asubuhi. Mzee aliyechinja alitoa ini la wa pili, akaligeuza. Upande mmoja lilikuwa na uvimbe mweupe, mkubwa kama limau, umejaa maji. "Hili bovu," akasema, akakata kile kipande na kumrushia mbwa aliyelala chini ya mti. Kikamezwa bila kutafunwa. Jioni nikamkuta mbwa yule yule akimlamba usoni mtoto wa miaka mitatu, na mtoto anacheka.

Ndani ya uvimbe ule, chini ya maji, mara nyingi hutuama kitu kama mchanga laini. Kila chembe ni kichwa cha mnyoo. Ikifika utumboni mwa mbwa inakuwa tegu mfupi kuliko punje ya mchele, na mbwa anaweza kubeba maelfu huku anabweka na kukimbia kama kawaida. Baada ya wiki sita au saba mayai yanaanza kutoka na kinyesi. Yananasa kwenye manyoya, yanaingia kwenye vumbi la uani, kwenye mboga, kwenye maji. Wengi wanadhani hatari ni kula ini lile, kumbe hatari ni mayai haya. Mtu akiyameza, uvimbe unakua kwenye ini au mapafu yake polepole, pengine miaka zaidi ya kumi, bila maumivu. Ukipasuka ndani unaweza kumuua.

Ni kweli porini tegu hawa wapo. Mbweha wa Turkana, kule Kenya, wamekutwa nao. Simba naye ana aina yake, na mwaka 2008 watafiti waliithibitisha kwa vinasaba kutoka kwa simba wa Uganda. Lakini nani kwetu analala na mbweha? Mbwa ndiye anayekula mizoga pamoja na mbweha usiku, kisha asubuhi analala mlangoni.

Turkana iliwahi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Shirika la afya la AMREF walipoanza mpango wao huko mwaka 1983 hawakwenda kuwinda mbweha. Waliwapima watu, wakawafanyia upasuaji na kuwapa dawa, wakaelimisha familia, na mbwa wakapewa dawa ya minyoo.

Ndiyo maana naumia kila kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa inapofika. Watoto wamewaleta mbwa kwa kamba tangu saa moja, foleni ndefu, mtaalamu yupo na sindano yupo nayo. Mbwa anachomwa, anaondoka na tegu wake tumboni. Kwa nini asipewe na kidonge cha prazikwanteli, dawa ya kuua tegu, pale pale? Mara moja kwa mwaka haitoshi, najua, kwa sababu mbwa anaambukizwa upya. Lakini kwetu hivi sasa hapewi hata hiyo moja, na kazi ngumu, ya kumkamata mbwa, imeshafanyika.

Nilimwendea yule mzee wiki iliyofuata baada ya sherehe. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa mwanangu, nilitupe wapi?"

Hakukuwa na mahali. Machinjio yetu ni kivuli cha mti na majani ya migomba. Tukachimba shimo mimi na wanawe wawili, refu kupita kiuno, tukafunika kwa bati kuukuu na mawe, juu tukaweka miiba kwa ajili ya fisi. Usiku wa tatu walikuja kufukua. Asubuhi tukaongeza mawe.